Kioo Kinalia au Kimenyamaza? Utengenezaji wa Mota ya Dirisha la Pikapu Kuukuu Mjini Mbita

Utangulizi

Makala haya yananuia kueleza jinsi mota inayopandisha na kushusha kioo cha pikapu kuukuu inavyofanya kazi, jinsi inavyoharibika, na jinsi inavyoweza kutengenezwa na fundi mwenye vifaa vya kawaida. Mahali tulipopachagua ni Mbita, mji mdogo ulioko ukingoni mwa Ziwa Viktoria katika Kaunti ya Homa Bay. Huenda msomaji wa jarida hili, aliyezoea mijadala ya uhakiki wa riwaya, arudhi ya ushairi na sarufi, akajiuliza mada ya namna hii imefikaje katika kurasa hizi. Jibu letu lina pande mbili. Kwanza, Kiswahili ndicho lugha ambayo dereva Mluo, fundi kutoka Kisii na mnunuzi wa samaki kutoka Nairobi huitumia wanapoinamia mlango mmoja wa gari. Pili, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi haiwezi kutosheka na mashairi na hotuba. Sharti iweze pia kumweleza mtu kwa nini kioo cha gari lake kimegoma na afanye nini.

Mazingira ya Mbita na pikapu zake

Mbita ni njiapanda ya nchi kavu na maji. Kutoka hapo gari huvuka kwenda Kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya mwaka 1969. Kivuko nacho hubeba watu na magari hadi Luanda K'Otieno upande wa pili wa Ghuba ya Winam, katika Kaunti ya Siaya. Samaki wa mbuta, ngege na omena wanaotoka katika fuo hizi hawawezi kufika sokoni bila magari, na katika kazi hiyo pikapu ina nafasi yake. Hubeba barafu asubuhi, samaki mchana, na saruji au mbao jioni.

Nyingi za pikapu hizi zimekula chumvi. Kwa kawaida kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililotumika ambalo limezidi umri wa miaka minane, lakini gari likishaingia, au likiwa liliundwa humu humu nchini, huendelea kutengenezwa miaka nenda miaka rudi. Baadhi yake, hasa zile zenye kabini mbili, zina madirisha yanayoendeshwa kwa umeme. Mtambo huo ulipokuwa mpya uliwekwa ndani ya mlango mkavu na safi. Huku ziwani mlango wa gari haubaki hivyo. Vumbi la barabara za murramu huingia kwenye mipira inayoshika kioo. Mvua huteremka ndani ya mlango kupitia ukingo wa kioo. Visubi wa ziwani, ambao hutokea kwa mawingu na kufuata taa usiku, hufia popote penye upenyo. Mchanganyiko wa vumbi, maji na mabaki ya wadudu huziba vitundu vya chini ya mlango vilivyowekwa ili maji yatoke. Vitundu vikiziba, mlango hugeuka kuwa beseni, nayo mota huishi katika unyevu.

Jinsi mtambo unavyofanya kazi

Ni vyema kuuelewa mtambo kabla ya kushika spana. Mtambo huu una sehemu nne: chanzo cha umeme, swichi, mota, na chombo kinachonyanyua kioo.

Chanzo ni betri ya gari yenye voliti 12. Umeme hupitia fyuzi kabla ya kufika kwenye swichi. Swichi hufanya kazi kwa namna ambayo huwatatiza wanafunzi wengi wa ufundi. Katika magari mengi, mota ya dirisha ina waya mbili tu, na mota yenyewe haikufungwa moja kwa moja kwenye bodi ya gari. Swichi isipobonyezwa, waya zote mbili huunganishwa na bodi, yaani upande hasi. Ukibonyeza kupandisha, waya mmoja hupewa umeme, na wa pili hubaki kwenye bodi. Ukibonyeza kushusha, mambo hugeuzwa. Mota hubadili mwelekeo kwa kubadilishiwa upande wa umeme. Tena, katika mpango huu, waya za dirisha la abiria hupitia kwanza swichi kuu iliyoko mlangoni mwa dereva. Kwa sababu hiyo, ugonjwa wa dirisha la abiria unaweza kuwa umejificha mlangoni mwa dereva.

Ndani ya mota kuna sumaku mbili zilizogandamana na ganda la chuma. Katikati yake huzunguka amecha, yaani mhimili uliozungushiwa waya wa shaba. Kwenye ncha moja ya amecha kuna duara la vipande vya shaba ambalo mafundi huliita komyuteta. Vipande viwili vya kaboni, kila kimoja kikisukumwa na springi, hugusa duara hilo na kulipitishia umeme wakati linazunguka. Kaboni ni laini kuliko shaba na huliwa makusudi, ili shaba isalimike. Siku itakapokuwa fupi mno, springi haitaweza kuifikisha kwenye shaba, na mota itanyamaza.

Ncha ya pili ya amecha imechongwa mfano wa parafujo. Parafujo hiyo huzungusha gurudumu la gia ambalo mara nyingi ni la plastiki ngumu. Mpango huu una manufaa mawili. Mwendo wa kasi wa mota hupunguzwa ukawa wa polepole wenye nguvu, na kioo hakiwezi kusukumwa chini kwa mkono, kwa kuwa gurudumu haliwezi kuizungusha parafujo kirahisi. Hiyo ndiyo sababu kioo cha umeme hubaki palepale umeme ukikatwa, hata mwizi akikikandamiza.

Kinachofuata ni chombo cha kunyanyulia kioo. Kuna aina mbili kuu. Aina ya kwanza ni ya mkasi: mikono miwili ya chuma iliyopishana, inayofunguka na kufunga, ikisaidiwa na springi kubwa iliyosokotwa mfano wa kamba ya saa. Aina ya pili hutumia waya wa chuma unaopita kwenye makapi madogo, kama vile kamba ya tanga inavyopita kwenye kapi la mlingoti.

Swali la kwanza la fundi

Dereva akifika gereji husema, "Fundi, kioo kimekufa." Fundi mzoefu hafungui mlango papo hapo. Huuliza, "Kimekufa vipi, mzee? Kinalia au kimenyamaza?" Swali hili fupi hugawa maradhi yote katika mafungu, na anayelijibu vizuri amekwisha kupunguza nusu ya kazi.

Fungu la kwanza ni kioo kinacholia bila kusogea. Mota inasikika ikizunguka ndani ya mlango, lakini kioo kimesimama. Hapa umeme ni mzima, nayo mota ni nzima. Kilichovunjika kiko mbele yake: meno ya gia ya plastiki yameliwa, waya wa kapi umekatika, au kioo kimechopoka kwenye kishikio chake. Kubadilisha mota nzima katika hali hii bila kutazama ni kumtibu macho mtu aliyevunjika mguu.

Fungu la pili ni kioo kilichonyamaza kabisa. Kabla ya yote, atazame kitufe cha kufungia madirisha kilichoko mlangoni mwa dereva, maana watoto hukibonyeza na watu wazima hukisahau. Kisha akague fyuzi. Kisha awashe taa ya ndani ya kabini na kuibonyeza swichi ya dirisha huku akiitazama taa hiyo. Taa ikififia, umeme unafika kwenye mota lakini mota imekwama, ama yenyewe ama kwa sababu kioo kimegandamana na mipira. Taa isipobadilika hata kidogo, njia ya umeme imekatika mahali fulani: kwenye swichi, kwenye waya, au kwenye kaboni ndani ya mota.

Mahali ambapo waya hukatika mara nyingi ni penye bawaba, ndani ya mpira unaounganisha mlango na bodi. Kila mlango unapofunguliwa waya hizo hukunjwa. Baada ya miaka 20 shaba hukatika ndani ilhali ngozi ya plastiki ya nje inaonekana nzima. Dalili yake ni kioo kinachofanya kazi mlango ukiwa wazi na kugoma ukifungwa, au kinyume chake. Dalili ya kaboni iliyokwisha ni tofauti: kioo hugoma, lakini mlango ukipigwa kofi wakati swichi imebonyezwa, huamka. Kofi huitikisa kaboni ikagusa shaba kwa muda. Dereva asidhani amepata dawa.

Fungu la tatu ni kioo kinachochoka. Huanza safari vizuri, hupunguza mwendo, kisha huzimia. Baada ya dakika chache hufufuka. Ndani ya mota nyingi mna kifaa kidogo cha ulinzi kinachokata umeme joto likizidi. Kuzimia huko ni kujilinda. Chanzo chake huwa ni mzigo uliozidi: mipira imekauka na kujaa vumbi, grisi imegeuka kuwa gundi, au umeme unafika ukiwa hafifu. Mwenye multimita aipime mota ikiwa inafanya kazi. Pengo kubwa kati ya voliti za betri na zile zinazoifikia mota lina maana kwamba umeme unapotelea njiani, kwenye maungio yenye kutu au swichi iliyoungua.

Hatua za matengenezo

Baada ya kujua maradhi, fundi hutenganisha betri, kisha huufungua mlango. Kifuniko cha ndani hushikwa na skrubu chache zilizofichwa kwenye mkono wa kufungulia na kwenye egemeo la mkono, pamoja na vishikizo vya plastiki pembezoni. Vishikizo vya gari kuukuu ni vikavu na huvunjika kwa urahisi. Vibanuliwe kimoja kimoja kwa bisibisi bapa iliyoviringishwa kitambaa. Nyuma ya kifuniko kuna karatasi ya plastiki. Mafundi wengi huirarua na kuitupa. Wasifanye hivyo, kwa kuwa hiyo ndiyo inayozuia maji ya ndani ya mlango yasifike kabini. Ibanduliwe taratibu na irudishwe.

Kioo kikiwa juu, kifungwe kwa gundi ya utepe kwenye fremu ya mlango ili kisianguke. Kisha mota ijaribiwe papo hapo kwa kuunganishwa moja kwa moja na betri kwa waya mbili, mmoja ukiwa na fyuzi. Ikizunguka pande zote mbili waya zinapobadilishwa, mota haina hatia, na fundi arudi kwenye swichi na waya.

Hapa pana onyo ambalo tunamwomba msomaji alichukue kwa uzito. Katika chombo cha aina ya mkasi, springi kubwa tuliyoitaja huwa imekazwa, na kinachoizuia isifyatuke ni mota yenyewe. Fundi akifungua bolti za mota bila kufunga meno ya mkasi kwanza, mikono ya chuma hufyatuka kwa nguvu inayotosha kuvunja kidole au kukikata. Kabla ya kugusa bolti hizo, mkasi ufungwe kwenye bati lake kwa jiriwa ndogo au kwa bolti inayopenya pande zote mbili. Uharaka katika hatua hii hulipiwa kwa damu.

Mota ikishatoka, hufutwa nje, na alama huwekwa kwa msumari kwenye ganda na kwenye boksi la gia ili vipande virudi vilivyokuwa. Ganda huvutwa polepole, maana sumaku hulivuta nyuma. Amecha hutolewa na kutazamwa. Shaba ya komyuteta ikiwa nyeusi, husuguliwa kwa msasa laini sana hadi ing'ae, na nafasi nyembamba baina ya vipande husafishwa kwa ncha ya kijiti. Vumbi la kaboni likibaki katika nafasi hizo huunganisha vipande visivyopasa kuunganishwa. Waya za amecha zikiwa zimeungua na kunuka, amecha haina budi kubadilishwa.

Kaboni zilizokwisha hubadilishwa. Zikikosekana za saizi yake, mafundi huchukua za mota nyingine iliyo kubwa na kuzisugua hadi zitoshe. Jambo la kuzingatia ni kwamba kaboni iteleze bila kukwama katika nyumba yake, na kiwaya chake cha shaba kilehemiwe kwa risasi bila risasi hiyo kupanda juu ya waya wote, maana waya uliogeuka kuwa mgumu huizuia springi kufanya kazi. Gia hufutwa grisi ya zamani yote na kupakwa mpya, kiasi cha kufunika meno tu. Tone moja la mafuta hutosha kwenye ncha za mhimili. Mafuta yasifike kwenye kaboni, kwani yakichanganyika na vumbi lake hufanya tope linalozuia umeme.

Gia ya plastiki iliyokatika meno haina tiba ya grisi wala gundi. Hununuliwa nyingine, au hutolewa kwenye mota iliyokufa umeme lakini gia yake ni nzima. Hapo ndipo maduka ya spea kuukuu ya Kisumu, na yale ya Kirinyaga Road jijini Nairobi, yanapokuwa na faida. Mnunuzi aende na ile mbovu mkononi na ahesabu meno, kwa kuwa mota za mlango wa kulia na wa kushoto hufanana sura lakini mara nyingi hazibadilishani.

Kabla ya kufunga mlango, mipira ya kioo husafishwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa, kisha hupakwa silikoni. Oili ya injini isitumiwe, kwa sababu huivimbisha mipira na kukamata vumbi. Vitundu vya chini ya mlango huzibuliwa kwa waya. Kazi hii ya mwisho haichukui dakika tano, lakini ndiyo inayoamua kama mota itadumu au itarudi gereji masika yajayo.

Dirisha kama mlango wa dharura

Wako wanaosema kwamba kioo kibovu ni kero ndogo, na kwamba gari linalotembea ni zima. Pengine kauli hiyo ina nafasi katika miji ya bara. Katika mji wenye kivuko haina. Mnamo Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, na kuzama. Mama na mtoto wake wakafariki. Msiba huo uliwakumbusha Wakenya kwamba gari likishazama, msukumo wa maji nje huufanya mlango usifunguke. Dirisha ndilo njia inayobaki, nalo lazima lifunguliwe mara tu gari linapogusa maji, kabla maji hayajafika kwenye kioo na kabla umeme haujashindwa. Dereva anayepanda kivuko cha Mbita ana sababu ya kushusha vioo vyote kabla ya kupanda. Mwenye kioo kilichokwama juu hana uwezo huo, na pengine ana abiria watatu kiti cha nyuma.

Upande wa pili wa hatari unahusu watoto. Madirisha ya magari ya zamani hayana kifaa cha kusimamisha kioo kinapogusa kitu. Mota iliyotengenezwa vizuri ina nguvu ya kumbana shingoni mtoto aliyeegemea swichi kwa goti. Fundi akimkabidhi dereva gari lake, amkumbushe kile kitufe cha kufungia madirisha na kazi yake.

Lugha ya gereji

Msomaji atakuwa ameona kwamba maelezo haya yametumia msamiati wa namna tatu. Kuna maneno ya kukopa yaliyokwisha kuvaa sauti za Kiswahili: mota, swichi, fyuzi, gia, spana, komyuteta. Kuna ya kale yaliyohamia katika ufundi mpya: kapi limetoka jahazini, na msasa ni mti ambao majani yake ya kukwaruza yalitumiwa kulainishia mbao kabla ya karatasi ya dukani. Na kuna sitiari ambazo wasemaji wenyewe wamezizua: kioo hufa, hulia, hunyamaza, huchoka, huzimia na hufufuka. Sisi wanafunzi wa fasihi tunaitambua mbinu hiyo kwa jina la tashihisi. Katika gereji si pambo. Kila kitenzi kimebeba uchunguzi mahususi, na anayekosea kati ya "kimenyamaza" na "kinachoka" anampeleka fundi mahali pasipo na ugonjwa.

Hoja yetu si kwamba vyombo vya kusanifisha lugha viyaondoe maneno ya kukopa na kuunda mengine. Neno ambalo fundi na dereva wanaelewana nalo limekwisha kufaulu mtihani mgumu kuliko wa kamati. Tatizo ni kwamba maarifa haya hayajaandikwa. Vitabu vya ufundi vimeandikwa kwa Kiingereza. Anayejifunza gereji hujifunza kwa kutazama, na onyo la springi hulijua baada ya kujeruhiwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba mota ya dirisha ni mtambo mdogo wenye kanuni zinazoelezeka, kwamba maradhi yake hutambulika kwa mafungu matatu, na kwamba sehemu kubwa ya mota zinazotupwa zingeweza kuponywa kwa kaboni mbili, msasa na grisi kidogo. Tumeona pia kwamba Kiswahili kilichopo midomoni mwa mafundi kinatosha kuyaeleza haya yote. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vyetu hufanya makongamano kila mwaka kuhusu Kiswahili na maendeleo. Ingefaa kila mshiriki aende gereji, kiwanda cha mashua au kinu kilicho karibu na kwao, aketi siku tatu na daftari, na arudi na maelezo ya kazi moja kwa hatua zake, pamoja na hatari zake. Hatari ziandikwe kwanza.